Je, wajua kwa nini chanjo ya surua husubiri miezi 9?

Mtoto akizaliwa Tanzania au Kenya huchomwa chanjo ya kifua kikuu na kudondoshewa matone ya polio akiwa bado mchanga kabisa. Ya surua haimo. Kadi ya kliniki inasema miezi 9, kisha irudiwe akifika miezi 18. Mbona acheleweshwe, na surua ni ugonjwa unaoua watoto?

Sababu ni mama yake. Akiwa tumboni, mtoto hupokea kingamwili za mama (protini za damu zinazopambana na vimelea) kupitia kondo la nyuma, na hizo humlinda kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo havina budi kuzaliana kidogo mwilini ili kinga ya mtoto ivitambue. Kingamwili za mama zikiwa bado nyingi, huvimaliza kabla kinga ya mtoto haijajifunza lolote. Ukichelewa nako, ulinzi wa mama unakwisha na surua inamkuta mtoto hana kitu. Ndiyo maana nchi ambazo surua imekuwa adimu huweza kusubiri hadi miezi 12 au zaidi, lakini kwetu kungoja hivyo ni hatari.

Wataalamu waliwahi kujaribu njia ya mkato: kuongeza nguvu ya dozi ili ishinde kingamwili za mama. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliruhusu chanjo hiyo kali itolewe katika miezi 6. Ilizuia surua. Lakini watoto walipofuatiliwa Guinea-Bissau, Senegal na Haiti, ilionekana kwamba wasichana waliopewa dozi hiyo walikufa zaidi, kwa maradhi mengine, kuliko wasichana waliopewa chanjo ya kawaida. Mwaka 1992 iliondolewa, na haitumiki tena. Wanasayansi wangali wanabishania chanzo cha vifo hivyo. Kwangu mimi, somo la kwanza liko wazi: lau takwimu za wasichana na wavulana zingechanganywa pamoja, madhara hayo yangeweza kupita bila kuonekana.

Kwa watu wazima pia, jinsia ina uzito. Kwa chanjo nyingi, wanawake hutengeneza kingamwili nyingi kuliko wanaume, na pia ndio wanaoripoti zaidi maumivu ya mkono na homa baada ya sindano. Homoni zinahusika, kwa kuwa testosteroni, homoni ya kiume, huelekea kutuliza kinga. Kromosomu ya X nayo imebeba jeni kadhaa za kinga, na mwanamke anazo mbili. Utafiti wa chanjo ya mafua uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa wanawake waliopewa nusu dozi walipata kingamwili zinazokaribiana na za wanaume waliopewa dozi kamili.

Uzee huipunguza nguvu ya kinga kwa wote. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ndiyo inayokomaza seli T, zile askari wa kinga. Huanza kusinyaa mapema maishani, hivyo mzee ana seli mpya chache za kukabili kimelea asichowahi kukutana nacho. Kwa sababu hiyo, Marekani ina chanjo ya mafua ya watu wa miaka 65 na zaidi yenye antijeni (sehemu ya kirusi ambayo kinga hujifunza kuitambua) mara 4 ya ile ya kawaida. Umri, basi, umeshafikiriwa. Lakini dozi ya mwanamke na ya mwanamume wa rika moja bado ni ileile, na ninaona huo ni uzembe ambao majaribio ya chanjo zijazo yanapaswa kuurekebisha.