Acheni kuwaambia madalali wachanga "jiamini tu"

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Kijana ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake anahema tu, kisha anauliza: "Dada, nifanyeje nijiamini mbele ya wateja?" Ukimchimba, unakuta ameshapewa jibu na mtu mwingine. Vaa suti. Ongea bila kusita. Mteja asikuone unawaza. Mmoja aliambiwa asimame mbele ya kioo kila asubuhi ajiambie yeye ni simba (mimi Yanga, lakini hilo tuliache). Haya, simba akifika Madale akaulizwa kiwanja kiko bloku gani, atanguruma?

Nafanya udalali wa nyumba na viwanja hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa kumi na mbili. Woga unaoupata mbele ya mteja mara nyingi unakupa taarifa: kuna kitu hukukipekua. Anayekufundisha kuunyamazisha anakuanzishia utapeli, hata kama mwenyewe hajui.

Mimi niliunyamazisha. Mwaka wangu wa pili nilimpeleka mwalimu mstaafu kuona kiwanja Goba. Nilikuwa nimekiona mara moja tu, jioni, niko nyuma ya bodaboda, mwenye kiwanja akinionyesha kwa mkono bila hata kushuka. Mwalimu alikuja na kofia, kaunta buku na swali moja: "Binti, bikoni ziko wapi?" Moyo ukapiga paa. Lakini nilishafundishwa kwamba dalali hasiti. Bikoni ni yale mawe ya mpaka kwenye kona za kiwanja. Nikanyoosha kidole kwenye jiwe la zege lililokuwa linachungulia majanini, nikasema, "Ile pale mwalimu, ya kwanza." Kwa sauti nzuri kabisa. Mwalimu akaandika.

Siku alipoleta mpima na mashine yake, jiwe lile likawa kona ya kiwanja cha jirani. Chetu kilikuwa ng'ambo ya njia, kimeinamia bondeni. Mwalimu hakunifokea. Alifungua kaunta buku akanionyesha mwandiko wake wa ubaoni: "Bikoni ya 1, chini ya mwarobaini." Aliandika mpaka mti. Bora angenifokea.

Mambo ya kupekua yanajulikana, siyarudii kwa kirefu. Namba ya kiwanja na bloku, upekuzi kwa Msajili wa Hati, ramani ya upimaji uilinganishe na mawe yenyewe kwa miguu yako, serikali ya mtaa, deni la kodi ya ardhi. Kama hujui tofauti ya barua ya toleo, leseni ya makazi na hati miliki, funga ukurasa huu ukaulize kwanza, maana kila wiki nasikia mtu akiuza nyumba "yenye hati" na mkononi ameshika leseni ya makazi. Halafu mke au mume wa muuzaji. Hilo vijana wanaliruka kama dimbwi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenza, na nimekaa kwenye meza ya wakili, hela iko kwenye mfuko wa rambo, biashara ikafia palepale kwa sababu mama mwenye nyumba yuko msibani Tanga na hakuna aliyemwambia kwamba nyumba inauzwa.

Ukiulizwa usilolijua, sema: "Hilo mzee sijalihakiki. Kesho saa nne niko ofisi ya ardhi, jioni nakupigia." Sijawahi kupoteza mteja kwa sentensi hiyo. Nimepoteza kwa kutopiga hiyo jioni.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. Cha juu.

Mwenye nyumba anataka milioni 40, wewe unamwambia mnunuzi 48, nane za juu unatia mfukoni kimyakimya, halafu unasali wasikutane. Mjini wanaita ujanja. Mimi nimekula cha juu, tena si mara moja, na nakwambia ni woga mtupu. Mwangalie kijana yuleyule aliyesifia makabati ya jikoni dakika kumi bila kumeza mate. Mfikishe kwenye malipo yake uone. Sauti inashuka, macho yanahamia kwenye viatu: "Sasa mama, na ile... ya kwetu sisi..."

"Ya kwenu nini?"

"Ya usumbufu."

Usumbufu! Umezunguka naye nyumba sita, Kimara mpaka Kinyerezi, jua la saa saba, umemwokoa na nyumba ambayo LUKU moja inagombaniwa na wapangaji watano, halafu kazi yako unaiita usumbufu. Nani akulipe kodi ya mwezi mzima kwa kumsumbua?

Kwa kuwa kinywa kinakataa kulitaja dai lake, analificha ndani ya bei. Na kuanzia hapo hata avae suti tatu kwa mpigo hatatulia, kwa sababu ana siri ya kulinda. Simu ikiita anatoka nje kupokea. Muuzaji na mnunuzi wakisalimiana anajipenyeza katikati kama refa. Mnunuzi akisema "ngoja nimuulize mwenyewe", jasho. Kisha anarudi kwangu analalamika kwamba hajiamini. Ungejiaminije?

Siku hizi malipo yangu nayataja kabla sijaonyesha hata geti. Nyumba ya kupanga, mteja ananilipa kodi ya mwezi mmoja. Ya kuuza, muuzaji ananilipa asilimia 5 na tunaandikishana. Mara ya kwanza kulisema hilo nilikuwa naangalia ukutani. Mara ya pili mteja alicheka, akaenda kwa dalali mwingine. Nadhani ilifika mara ya kumi ndipo nikaweza kumwangalia mtu usoni na kunyamaza baada ya kutaja, kwa sababu kosa letu kubwa ni kutaja halafu kujipunguzia wenyewe kabla mteja hajafungua mdomo: "ni asilimia 5, lakini tunaweza kuongea." Umesikia mwenye duka la nondo akisema hivyo?

Wengine mtaniandikia, kwa hiyo nikiri kabla hamjaniumbua. Wenzangu wa cha juu wamejenga. Mimi bado napanga, dalali mpangaji, chekeni tu. Siwezi kukuapia kwamba uwazi unalipa zaidi. Kwenye akaunti yangu sijauona ushahidi huo. Ninachojua ni kwamba simu yangu naipokelea mezani.

Na kupekua hakuponyi woga wote. Upo woga wa bei. Mtu akiniuliza kiwanja kinaweza kwenda shilingi ngapi, baada ya miaka yote hii bado nakisia. Nakisia vizuri, ila nakisia, na ndiyo maana kuna wathamini waliosajiliwa. Upo pia woga wa jina. Neno dalali mitaani linakaa nyumba moja na tapeli, na tumelipeleka huko wenyewe, kwa kuwatoza watu hela ya kuonyeshwa vyumba ambavyo vimeshachukuliwa tangu juzi. Ukiwa mwanamke inaongezeka nyingine: unafika, unasalimia, mzee anachungulia nyuma yako kumtafuta bosi. "Dalali mwenyewe yuko wapi?" Siku nyingine najibu vizuri. Siku nyingine namaliza kazi, napanda daladala, jibu zuri linanijia tukiwa Ubungo. Hilo sina dawa yake, na sitajifanya ninayo.

Huyu kijana wa mwezi huu ana kiwanja Madale, mteja anakuja Jumamosi. Nilimwambia aachane na kioo. Aende Jumanne peke yake, bila mteja, na chupa ya maji, azunguke mawe yote manne, kisha akae kwenye kibanda cha mama ntilie hapo jirani, anunue chapati mbili, aulize watu wanaishije pale. Alilalamika kwamba nauli ni yake. Akaenda.

Jumanne usiku simu ikaita, safari hii bila kuhema. Mawe matatu kayaona, la nne limefukiwa na kifusi. Mama ntilie kamwambia kwamba masika kona ya chini inajaa maji mpaka magotini, na alama iko kwenye ukuta wa jirani, ameipiga picha. Akaniuliza: mteja amwambie, au anyamaze mpaka aulizwe?

Nimemwambia anipigie Jumamosi akishamwambia.