Majina Ukutani: Dhana Potofu Kuhusu Kuzuru Makaburi ya Vita Barani Ulaya

Wasafiri wengi wanaofika Ufaransa na Ubelgiji hutenga walau nusu siku kuzuru makaburi na minara ya kumbukumbu ya vita viwili vikuu vya dunia. Ndugu zetu wanaoishi huko nao huwapeleka wageni wao kutoka nyumbani, na njiani husimuliana mambo mengi ambayo hayakuthibitishwa. Ninayakusanya hapa yale ninayoyasikia mara kwa mara, kwa kuwa mtu anayeingia mahali pale akiwa na picha isiyo sahihi hupita mbele ya mambo mazito bila kuyaona.

Dhana: Kila jiwe lina jina, na chini yake amelala mtu aliyeanguka palepale.

Huu ndio upotofu mkubwa kuliko yote. Katika makaburi ya Tyne Cot, karibu na mji wa Ieper nchini Ubelgiji, wamezikwa wanajeshi karibu 12,000, na zaidi ya 8,300 kati yao hawajulikani ni akina nani. Jiwe la mtu wa namna hiyo husema tu kwamba aliyelala hapo ni askari wa Vita Kuu, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha hufuata maneno yenye maana kwamba Mungu ndiye amjuaye. Sababu yake ni mizinga. Mapigano yalirudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka, makombora yakafukua makaburi ya jana na kuwatawanya waliokwisha kuzikwa, na vita vilipomalizika vikosi vya wazikaji vilizunguka mashambani vikikusanya mabaki na kuyahamishia katika makaburi makubwa. Kwa hiyo aliyelala Tyne Cot huenda aliuawa mbali na hapo.

Upande wa pili wa jambo hilo ni majina yasiyo na makaburi. Lango la Menin mjini Ieper, lililozinduliwa mwaka 1927, lina majina ya zaidi ya watu 54,000 ambao miili yao haikupatikana au haikutambuliwa. Kuta zake hazikutosha, na waliopotea kuanzia katikati ya Agosti 1917 ikabidi waandikwe kwenye ukuta wa Tyne Cot, karibu majina 35,000 mengine. Mnara wa Thiepval, unaowakumbuka waliopotea katika eneo la mto Somme nchini Ufaransa, una majina zaidi ya 72,000. Anayesimama hapo akidhani kwamba anatazama orodha ya waliozikwa karibu hajaelewa kilichoandikwa, kwani hao ni wale ambao familia zao hazikupewa kaburi la kulilia.

Huko Verdun, uwanja mwingine wa mapigano wa Vita vya Kwanza, mashariki mwa Ufaransa, hata uraia ulipotea. Katika jengo la Douaumont imehifadhiwa mifupa ya watu wapatao 130,000, Wafaransa na Wajerumani pamoja, isiyoweza kutenganishwa. Mgeni anaweza kuinama na kuiona kupitia madirisha madogo yaliyo chini ya ukuta. Nawashauri wenye watoto wadogo wazungumze nao kwanza kabla ya kufika kwenye madirisha hayo.

Dhana: Kazi ya kuzika ilikwisha zamani, na orodha zimefungwa.

Bado wanazikwa. Mwaka 2009, katika kijiji cha Fromelles kaskazini mwa Ufaransa, yalifukuliwa mabaki ya wanajeshi 250 wa Australia na Uingereza ambao Wajerumani waliwazika kwa pamoja baada ya mapigano ya Julai 1916. Yalijengwa makaburi mapya, na kwa kulinganisha vinasaba na vya jamaa walio hai, zaidi ya 140 wamerudishiwa majina yao. Mtu akitambuliwa namna hiyo, jina lake huweza kuondolewa kwenye ukuta wa waliopotea, kwa sababu sasa ana jiwe lake mwenyewe.

Dhana: Makaburi ya Wamarekani na mnara wa Wakanada vimesimama juu ya ardhi ya kigeni isiyo ya Ufaransa.

Ufaransa iliwapa Wakanada mlima wa Vimy, ulipo mnara wao kaskazini mwa nchi hiyo, mwaka 1922 wautumie daima bila malipo, na iliwapa Wamarekani haki kama hiyo kwa makaburi ya Colleville-sur-Mer juu ya ufuo wa Omaha, walikotua wanajeshi wao mwaka 1944. Kilichotolewa ni haki ya matumizi; nchi ni ya Ufaransa, na sheria ni za Ufaransa.

Hapo Colleville kuna kosa lingine, nalo ni la kuhesabu misalaba ile ya marumaru, inayozidi 9,000, na kudhani kwamba ndiyo jumla ya Wamarekani waliokufa katika eneo hilo. Marekani iliziachia familia zichague, na nyingi zilitaka maiti zirudishwe nyumbani. Uingereza ilikataza kurudisha maiti, ndiyo sababu makaburi yake yametapakaa kila mahali zilipopita vita.

Dhana: Kuokota kipande cha chuma shambani ni ukumbusho usio na madhara.

Hili ni la hatari, na ningependa lieleweke kabla ya mengine yote. Wakulima wa Flanders, jimbo la Ubelgiji ulipo mji wa Ieper, na wa Somme hufukua makombora ambayo hayajalipuka kila msimu wa kulima, na mengine yamejazwa gesi ya sumu. Mwezi Machi 2014 wafanyakazi wawili wa ujenzi waliuawa mjini Ieper na bomu lililokaa ardhini karibu miaka 100. Pale Vimy nyasi za sehemu zilizozungushiwa ua hupunguzwa na kondoo, maana kupitisha mashine ni hatari. Aidha, kutafuta mabaki ya kale kwa chombo cha kunasa metali nchini Ufaransa kunahitaji kibali cha serikali.

Dhana: Vile vilikuwa vita vya Wazungu peke yao.

Wapo wanaosema hivyo, na wapo wanaokosea kwa upande wa pili, wakiwatafuta babu zao wa Kikosi cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, kwenye kuta za Ubelgiji. Kikosi hicho hakikupelekwa kupigana Ulaya. Katika Vita vya Kwanza kilipigana Afrika Mashariki, na katika Vita vya Pili kilifika Ethiopia, Madagaska na Burma.

Waafrika waliofika Ulaya ni wengine, nao ni wengi. Ufaransa iliandikisha askari wapatao 200,000 kutoka Afrika Magharibi katika Vita vya Kwanza. Katika makaburi ya Douaumont ipo sehemu ya Waislamu, na mawe yao yameelekezwa Makka. Huko Chasselay, karibu na Lyon, yapo makaburi 196 yaliyozungushiwa ukuta mwekundu kwa mtindo wa Afrika Magharibi. Wengi waliozikwa humo ni askari weusi ambao Wajerumani waliwaua mwezi Juni 1940, baadhi yao wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Watalii wachache sana hufika hapo, na naona ni huzuni kubwa. Mkongo Paul Panda Farnana naye alijitolea kuilinda Ubelgiji mwaka 1914, akatekwa akiutetea mji wa Namur, na akabaki mfungwa wa Wajerumani hadi mwisho wa vita.

Dhana: Wote waliokufa chini ya bendera ya Uingereza walikumbukwa kwa usawa.

Usawa ndio uliokuwa msingi wa tume ya makaburi ya vita ya Uingereza na makoloni yake, iliyoundwa mwaka 1917: jiwe la jenerali lilingane na la askari wa kawaida, na kila mtu awe na jina lake, juu ya kaburi au ukutani. Barani Ulaya msingi huo ulifuatwa kwa kiasi kikubwa, na ndio unaozipa safu zile uzito wake. Lakini mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao ni wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha kubebea jeshi mizigo, ambao jina la kikosi chao limebaki kwenye soko la Kariakoo. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927, mwaka uleule wa Lango la Menin, na juu yake halikuchongwa jina la askari hata mmoja.