Kipimo cha altrasaundi hakikwangui gegedu la goti

Wapo wanaotoka Kongwa au Mpwapwa hadi Dodoma mjini wakiamini kwamba wakipakwa ile jeli na kupitishiwa kifaa cha altrasaundi gotini, gegedu bovu (utando unaofunika ncha za mifupa) litasagika. Sivyo kabisa. Mawimbi yale huchora picha tu. Hata mashine ya altrasaundi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, haikati kitu.

Altrasaundi inayoondoa gegedu ni ya upasuaji. Mgonjwa hupewa ganzi au usingizi, kisha daktari hutoboa matundu madogo, moja la kamera, jingine la chombo. Ncha ya chombo hutetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, ikisogea sehemu ndogo mno ya milimita, na kukwangua nyuzi zilizochanika. Maji ya chumvi hupita muda wote ili kupoza na kutoa mabaki. Yakipungua, au ncha ikikaa pahali pamoja, joto huua seli za gegedu lenye afya lililo jirani. Hasara hiyo ni kubwa: gegedu halina mishipa ya damu, hivyo haliponi kama ngozi.

Tazama goti la mbuzi buchani: ule utando mweupe, unaoteleza kwenye ncha ya mfupa, ndio gegedu. Kukwangua hakuoteshi jingine. Kwa goti lililosagika kwa umri, mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza uzito husaidia zaidi, tena bila kisu.