Zidaka ni nini, na zinafaaje kwenye nyumba ya leo

Zidaka ni safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye ukuta wa lipu ya chokaa, safu juu ya safu, kila kimoja na upinde wake mdogo na nakshi pembeni. Kimoja huitwa kidaka. Zimo katika nyumba za mawe ambazo matajiri wa Lamu na Pate, visiwa vya pwani ya Kenya, walijijengea katika karne ya 18, na kama umewahi kuona picha ya chumba cheupe chenye ukuta uliotobolewa kama sega la asali, basi ulichokiona ni zidaka. Mjini Lamu kuna nyumba ya zamani iliyokarabatiwa na kufanywa makumbusho, ambamo unaweza kuziangalia kwa karibu.

Nazieleza hapa kwa sababu watu wengi wanaotaka nyumba ya kifahari huanza na orodha ya manunuzi: sofa kubwa, taa ya kuning'inia, dari la jipsamu lenye mataa ya rangi. Mwenye zidaka alianza na swali jingine: nani ataingia mpaka wapi, na akifika aone nini?

Ukipita nje ya nyumba ya Lamu, utajiri unaouona ni mlango tu. Ukuta ni mtupu na madirisha ya barabarani ni haba. Mgeni asiyezoeleka huishia dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni. Aliyekaribishwa hufika kiwandani, yaani uani, kisha msana wa tini (ukumbi wa kwanza), halafu msana wa yuu (ukumbi wa pili), na mwisho ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba. Sakafu hupanda kidogo kidogo kadiri unavyoingia, na nakshi nazo huzidi. Zidaka kubwa ziko huko mwisho, ambako wengi hawafiki. Anasa yote wamewekewa wa karibu. (Fedha zake, tuseme ukweli, zilitoka kwenye biashara ya baharini na kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa.)

Kulikuwa na sababu za kiufundi pia. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauwezi kuvuka upana mkubwa, kwa hiyo chumba kilikuwa chembamba, mita 3 hivi au pungufu, na kirefu. Chumba cha ndani ndicho kilichokuwa mbali zaidi na mwanga. Lipu nyeupe ilirudisha ule mwanga mchache uliotoka uani, na vivuli vya vishubaka vikakipa chumba kina ambacho hakina. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Haigandi upesi kama saruji, na hapo ndipo fundi alipopata nafasi ya kuchonga majani na mawaridi kwa kisu kabla haijashika.

Ndani ya vishubaka ziliwekwa sahani na bakuli za kauri za China, na baadaye za Ulaya. Hazikuwa pambo tu. Chumba hicho ndicho cha uzazi, cha bibi harusi na cha msiba, na iliaminika kwamba vyombo hivyo hukinga husuda na mabaya mengine. Kila chombo kilikuwa na sababu ya kuwa pale.

Sasa, ukizitaka nyumbani kwako, tatizo la kwanza ni unene wa ukuta. Kuta za mawe za Lamu zina karibu nusu mita. Tofali lako la saruji ni la inchi 6. Usimruhusu fundi alichimbe. Mwambie ajenge ukuta wa pili mbele yake, wa jipsamu au wa tofali nyembamba, na ukubali kupoteza sentimita 20 au 30 za chumba. Kama sebule ni ndogo, tengeneza safu moja juu ya kochi au vidaka vitatu ukutani mwa chumba cha kulala, inatosha. Ukuta mzima kwenye chumba kidogo hugeuka duka la vyombo.

Halafu hapo kwenye vishubaka ndipo ladha yako inapotakiwa kusema. Naona nyumba nyingi zilizonakili hoteli za pwani: vidaka vilevile, mitungi ileile, mishumaa ileile, na huwezi kujua anayeishi humo ni nani. Weka sinia la bibi yako, vitabu unavyovisoma kweli, redio ya mzee, kikombe cha mashindano ya shule, chetezo. Viache vingine vitupu. Jicho nalo linahitaji pa kupumzika. Rangi iwe moja, nyeupe au ya udongo hafifu, ili vitu vionekane vyenyewe. Kama hupendi vitu vingi machoni, acha zidaka kabisa, weka fedha yako kwenye mlango mzuri wa mninga au sakafu ya terazo. Hakuna sheria kwamba anasa lazima iwe ukutani.

Ukiamua kuzijenga, taa ndogo ya mwanga wa njano ikae juu ya kila kidaka, ijifiche nyuma ya upinde, isimpige mtu machoni. Fundi umeme aitwe mapema apitishe paipu za waya, na swichi yake iwe ya peke yake, kabla fundi wa lipu hajaanza kazi.