Kipimo cha VVU Hakisemi Lolote Kuhusu Ini

Mgonjwa anaingia kliniki na karatasi ya majibu iliyokunjwa mara nne. Ni ya mwaka jana: virusi vya ukimwi havionekani. Kwa sababu ya karatasi hiyo aliacha vidonge miezi miwili iliyopita, akiamini amepona. Leo macho yake ni ya manjano.

Tunaandika haya kwa kuwa maswali ya wanaoishi na VVU kuhusu kubadilishiwa dawa yameongezeka. Kipimo kile huhesabu VVU peke yake. Homa ya ini B ina kirusi chake, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu 7 katika kila 100 wanaoishi na VVU wanacho. VVU huharakisha makovu ya ini, na saratani ya ini inaweza kutokea hata kabla ya sirosisi, yaani makovu yaliyoenea ini zima.

Vidonge vingi vya kufubaza VVU vina tenofoviri na lamivudini, ambazo hudhibiti virusi vyote viwili. Dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU ambayo mara nyingi imo humo, haigusi homa ya ini. Ukiacha ghafla, kirusi cha ini huamka, kinga nayo huzishambulia seli za ini zilizoambukizwa. Wapo wanaofikia ini kushindwa kabisa kufanya kazi.

Sindano za VVU za kabotegraviri na rilpivirini, zinazotumika badala ya vidonge, hazitibu homa ya ini B. Kidonge cha dolutegraviri na lamivudini bila tenofoviri nacho hakitoshi: lamivudini ikibaki peke yake, kirusi huizoea, na kwa wagonjwa wengi usugu huwa umejitokeza ndani ya miaka michache.

Utaratibu ni huu. Kila anayegundulika na VVU apimwe antijeni ya homa ya ini B, yaani alama ya kirusi kwenye damu. Ikiwapo, hupimwa tena baada ya miezi sita kuthibitisha kama maambukizi ni ya kudumu. Hufuata vimeng'enya vya ini, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), figo (tenofoviri inaweza kuzisumbua) na wingi wa kirusi. Mwenye sirosisi hufanyiwa altrasaundi kila miezi sita. Asiye na kirusi wala kinga huchanjwa leo, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita, kisha kinga hupimwa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu VVU vinaweza kudhoofisha mwitikio wa chanjo.

Je, kirusi cha homa ya ini B huambukiza kwa kushiriki sahani na vijiko? Hapana, haviambukizi. Tumeshalijibu hili mara nyingi. Kirusi hupita kwa damu, ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, ndiyo maana inashauriwa mtoto achanjwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Na dawa za "kusafisha ini" haziliponyi. Baadhi huliumiza zaidi, kama pombe.

Ukiambiwa dawa inabadilishwa, uliza majibu ya homa ya ini B yako wapi. Yasipokuwamo kwenye faili, upimwe kwanza, na kopo la dawa za zamani uendelee nalo hadi majibu yatoke.