Nusu marathoni chini ya saa mbili: piga hesabu kabla ya kufunga kamba za viatu

Ukigawanya saa mbili kwa kilomita 21.0975 unapata dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Wengi huishika kasi hiyo kwenye saa ya GPS mbio nzima, kisha wanamaliza kwa 2:01 wakiwa wameduwaa, maana saa inasisitiza kwamba hawakukosea hata kidogo. Kilichowaponza ni njia.

Njia rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa maalumu, ikifuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa kona. Juu ya hapo huongezwa mita moja kwa kila kilomita, ili isije ikaonekana fupi ikipimwa upya. Wewe huukimbii mstari huo. Unawazunguka watu, unachukua kona kwa nje, unahamia upande wa meza ya maji na kurudi, na GPS nayo huyumba karibu na majengo marefu. Mwishoni saa nyingi husoma kati ya kilomita 21.2 na 21.4. Chukua 21.3 na ugawanye tena: 5:38. Hiyo ndiyo kasi unayotaka kuiona mkononi. Tofauti ni sekunde 3, lakini kwa umbali huu inazidi dakika nzima.

Njia bora zaidi ni kuzima hesabu ya kilomita ya saa na kubonyeza mwenyewe kwenye kila kibao cha kilomita barabarani. Andika namba hizi kwa wino ndani ya mkono: kilomita 5, 28:26; kilomita 10, 56:53; kilomita 15, 1:25:19; kilomita 20, 1:53:45. Vibao huwekwa na binadamu, kwa hiyo kimoja kikikuonyesha umepoteza sekunde 20 ghafla, subiri kinachofuata kabla ya kuhangaika. Na anza kuhesabu mguu unapovuka mkeka wa mwanzo, ule unaosoma chipu ya muda uliyoivaa, wala si bunduki inapolia. Muda wako binafsi ni ule wa kati ya mkeka na mkeka.

Je, lengo hilo ni lako? Chukua muda wako wa karibuni wa kilomita 10, katika mbio za kweli, uzidishe kwa 2.2. Kanuni ya Riegel, inayokadiria muda wa umbali mmoja kutokana na mwingine, hutoa takriban hivyo, na kwa saa mbili kamili inadai kilomita 10 kwa 54:20 hivi. Lakini kanuni inadhani una ustahimilivu wa umbali mrefu. Anayekimbia chini ya kilomita 30 kwa wiki ningependa kwanza nimwone akishuka hadi dakika 53.

Wiki 12 zinatosha kwa mtu anayekimbia tayari mara tatu au nne kwa wiki. Mbio ndefu zianze na kilomita 12, ziongezeke kwa 1.5 au 2, na kila wiki ya nne zipungue, hadi zifike 18 au 19. Zaidi ya hapo, kwa lengo hili, uchovu unazidi faida. Siku moja kwa wiki kimbia dakika 20 hadi 25 mfululizo kwa 5:25 mpaka 5:30, kasi ambayo bado unaweza kutamka maneno matatu manne lakini hutamani kuzungumza. Siku zilizobaki ni mbio nyepesi za 6:30 hadi 7:10. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanaziona nyepesi mno, wanazikimbia kwa 6:00, kisha siku ya kazi ngumu miguu haina kitu. Kosa jingine ni kuongeza umbali na kasi wiki moja. Mfupa wa muundi na vigimbi hulalamika kabla ya mapafu.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni la kasi ya lengo. Wiki ya 4, kilomita 2 mara nne. Wiki ya 7, kilomita 3 mara tatu. Wiki ya 9, kilomita 5 mara mbili. Zote ni kwa 5:38, na katikati unakimbia polepole dakika 2 au 3. Usizikimbie kwa 5:25 kwa sababu tu unajisikia vizuri. Unaufundisha mwili kuitambua kasi moja bila kutazama saa, na mazoezi ya haraka zaidi hayafundishi hilo. Ikiwa katika kilomita 5 ya pili unalazimika kupambana kama uko kwenye mashindano, ongeza dakika 3 kwenye lengo, bila kinyongo.

Siku 10 za mwisho punguza umbali kwa theluthi moja au zaidi kidogo, lakini acha vipande vifupi vya kasi. Viatu vipya visubiri.

Kula wanga saa 2 hadi 3 kabla ya kuanza, chakula ulichokizoea. Kwa karibu saa mbili za kukimbia lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Geli moja, yaani kifuko kidogo cha wanga laini, huwa na gramu 20 hadi 25, basi imeze ya kwanza dakika ya 30, ya pili dakika ya 60, ya tatu karibu na 85. Usisubiri uchoke, kwa sababu tumbo linahitaji muda. Imeze kwa maji matupu: geli ikikutana na kinywaji chenye sukari, mchanganyiko unakuwa mzito, unavuta maji tumboni, na unaanza kutafuta choo. Maji nayo yana kiasi chake. Kunywa kupita kiu hushusha sodiamu (chumvi) ya damu, na hilo ni hatari kweli.

Sasa kilomita tatu za kwanza. Umepumzika, watu wanakupita, mapigo ya moyo bado yanapanda, kwa hiyo 5:20 inaonekana kama matembezi. Ukishika 5:20 hadi kilomita 3 umeweka akiba ya dakika moja. Ukilipa kwa kukimbia kilomita 5 za mwisho kwa 6:15, umepoteza karibu dakika tatu. Anza kwa 5:45 au 5:50 katika kilomita ya kwanza, ingia 5:38 taratibu, na usikubali kuharakishwa kabla ya kilomita 12. Mlimani shika juhudi, si kasi: acha saa isome hata 5:55, urudishe sekunde kwenye mteremko kwa hatua fupi za haraka, bila kukanyaga breki kwa visigino.

Kati ya kilomita ya 14 na ya 18 ndipo hatua hurefuka na mabega hupanda bila wewe kujua. Legeza mikono, fupisha hatua, hesabu kibao kimoja kimoja.

Kwenye kibao cha 20, ukiwa na 1:53:45, zimebaki dakika 6 na sekunde 15 za kilomita 1.0975. Ukiwa na 1:54:10 bado inawezekana, ila itabidi ukimbie 5:19. Ukiona 1:55:00, hiyo ni 4:33, na wachache wenye lengo hili wana miguu hiyo. Mstarini usiinamie saa kuibonyeza kabla ya kuvuka; chipu inakuhesabia, na hatua mbili za kusitasita ni sekunde nzima.