Kujitolea kusini mwa India: mnayoniandikia kila msimu, na ukweli wake

Ujumbe huja kwa sura moja. Marafiki wawili, mmoja kamaliza chuo, mwenzake kapata likizo au kaacha kazi, wamepanga kuzunguka kusini mwa India: washukie Chennai, waje Madurai, wavuke kwenda Kerala, wamalizie Bengaluru. Katikati ya mzunguko wanataka wiki mbili za kujitolea, "ikiwezekana kituo cha yatima, hatuna ujuzi maalumu ila tunapenda sana watoto." Mimi naishi Madurai, jimbo la Tamil Nadu, na kazi yangu ni kupokea wageni wa kujitolea na kuwatafutia pa kufanya kazi. Maneno hayo yamenichosha. Najibu hapa kwa kirefu ili atakayeniandikia tena nimtumie hii, nirudi kwenye shughuli zangu.

"Watoto yatima wanahitaji upendo tu, na upendo hauna cheti."

Wanahitaji upendo wa mtu asiyeondoka. Ninyi mnaondoka Jumamosi.

Mtoto wa miaka minne anayeletewa dada mpya na kaka mpya kila baada ya wiki mbili hujifunza kumrukia kila mgeni getini. Wageni hufurahi, hutoa simu, hurekodi: "Ona wanavyotupenda!" Anayejua malezi akiona hivyo huingiwa na wasiwasi. Mtoto aliyetulia kwao humkwepa mgeni kwanza, hujificha nyuma ya gauni la mama, amchungulie, ndipo amzoee polepole. Anayejitupa mikononi mwa mtu asiyemjua dakika ya kwanza mara nyingi hana mtu wa kudumu. Na nyie mkishamzoesha mnaaga, mnalia, mnapanda basi la usiku pale stendi ya Mattuthavani, naye Jumatatu anaanza na wengine.

Isitoshe, wengi wa watoto hao si yatima. Wana mama, au baba, au wote wawili. Wamefikishwa makaoni na umaskini, ugonjwa, pombe ya nyumbani, au ahadi kwamba watasomeshwa shule ya Kiingereza. Kituo kinachoishi kwa ada za wageni kinahitaji watoto wa kuonyesha wageni, na hapo ndipo uovu unapoingia: mtoto anatolewa kijijini kwa wazazi wake ili kitanda kisikae kitupu. Australia imelijadili hili bungeni, katika uchunguzi uliotangulia sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, kama aina ya usafirishaji haramu wa watoto. Kwa hiyo ada yenu, iliyotolewa kwa nia safi kabisa, inaweza kuwa ndiyo inayomtenga mtoto na mama yake.

India yenyewe haijalala. Sheria ya haki na ulinzi wa watoto ya mwaka 2015 inataka kila makao ya watoto yasajiliwe; anayeendesha bila usajili anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, kutozwa faini isiyopungua rupia laki moja, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inakataza kutangaza jina au picha inayomtambulisha mtoto anayehitaji ulinzi. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi sita, faini ya hadi laki mbili, au vyote. Zile picha za kubeba mtoto begani mnazotaka kuweka mtandaoni jioni zinaangukia humo.

Makao yanayoendeshwa vizuri yatawadai cheti cha tabia njema cha polisi, watu wa kuwathibitisha na muda mrefu kuliko mlio nao, na bado yanaweza kuwakatalia. Kituo kinachowakubali kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp na malipo ya awali, kiogopeni. Hebu geuzeni picha: vijana wawili wa Kitamil washuke stendi ya Dar es Salaam na mabegi mgongoni, hawajui neno la Kiswahili, waseme wanapenda watoto, halafu wakabidhiwe chekechea nzima wakaiogeshe. Mzazi gani angekubali? Basi na mzazi wa huku Dindigul ni mzazi.

Nyuma ya dhana hii kuna nyingine inayoniudhi zaidi kwa sababu haisemwi wazi: kwamba huku watu wamekaa wanawasubiri. Kuna wanaotaka kuja kulisha watoto wa shule. Tamil Nadu inawapikia watoto wa shule za serikali chakula cha mchana kwa miongo mingi. Mwaka 1982, chini ya M. G. Ramachandran, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya jimbo, mpango huo ulipanuliwa sana. Mwaka 2022 ikaongezwa chai ya asubuhi ya maana, upma na pongal, kwa darasa la kwanza hadi la tano, na uzinduzi ulifanyika hapahapa Madurai tarehe 15 Septemba. Kuna wanaotaka kwenda Kerala kufundisha watu kusoma. Kerala, ambako sensa ya 2011 ilikuta takriban asilimia 94 wanajua kusoma na kuandika! Huko Malappuram na Kozhikode majirani wenyewe ndio wajitoleaji: wanafunzwa, kisha wanapita nyumba kwa nyumba kuwahudumia wagonjwa mahututi, wanajua nani kaishiwa dawa na nani hana wa kumgeuza kitandani. Na hapa mjini hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Dkt. Venkataswamy baada ya kustaafu, ikiwa na vitanda 11, huwachukua mabinti wa vijijini na kuwafundisha miaka miwili hadi wanakuwa uti wa mgongo wa huduma. Madaktari hutoka nchi nyingine kuja kujifunza pale. Mkiwa na wiki mbili na hamna ujuzi, nanyi njooni kujifunza. Si aibu.

Mkitaka kusaidia kweli, leteni kitu mnachokijua na mkiache mikononi mwa mtu anayebaki. Wageni walionifurahisha kuliko wote walikuwa marafiki wawili, mmoja mhasibu, mwenzake fundi wa kompyuta. Niliwapeleka kwenye zahanati ndogo ambayo dawa zake ziliandikwa kwenye madaftari ya mistari, kurasa zimelowa jasho, tarehe za kuisha muda zimefutwafutwa. Mwezi mzima walikaa stoo chini ya feni inayolia, wakihamisha kila mstari kwenye jedwali, na kila alasiri mama wa stoo, ambaye kila mtu humwita akka, yaani dada mkubwa, alikaa nao kujifunza, akibonyeza kwa kidole kimoja. Hawakumbeba mtoto hata mmoja. Jedwali lile linatumika mpaka leo, na akka sasa anamfundisha msaidizi wake. Wasio na taaluma lakini wana mikono, waende kwenye upandaji miti karibu na Auroville, makazi ya watu wa mataifa mengi kule nje ya Puducherry. Ardhi ile ilikuwa nyekundu na kavu wakati makazi yalipoanzishwa mwaka 1968, leo ni msitu. Mti haulii mkiondoka.

Hayo mengine nitayapitia haraka.

"Kujitolea ni bure, kwa nini tulipe?" Kwa sababu mnakula wali mara tatu kwa siku na kuna mtu anaupika. Kulipia chakula na malazi kwa risiti ni sawa. Mchango ni habari nyingine: taasisi ya India haipokei mchango wa mgeni mpaka iwe na kibali chini ya sheria inayoitwa FCRA, na tangu sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 2020 fedha hizo hufikia kwenye akaunti maalumu katika tawi kuu la State Bank of India, New Delhi. Mkiambiwa mtume "mchango" kwa akaunti ya mtu binafsi, funga simu.

"Viza ya utalii inatosha kwa lolote." Viza ya utalii ya mtandaoni inaruhusu kujitolea kwa muda usiozidi mwezi mmoja, bila malipo wala fadhila ya aina yoyote. Rudieni sehemu ya mwisho. Ile hosteli ya ufukweni inayowapa kitanda cha bure mkiipakia rangi ukuta inawapa fadhila, kwa hiyo mko nje ya masharti. Mkizidisha mwezi, mnahitaji viza ya kazi yenye jina la taasisi mnayokwenda. Halafu mwenyeji wenu, awe hoteli au familia, anatakiwa kupeleka taarifa zenu serikalini ndani ya saa 24. Akisema "haina haja", tafuteni mwenyeji mwingine.

"Kihindi cha kwenye filamu kitatufikisha." Kitawafikisha Delhi. Hapa ni Kitamil, Kerala ni Kimalayalam, Karnataka ni Kikannada, Andhra Pradesh na Telangana ni Kitelugu, lugha za ukoo mwingine kabisa. Tamil Nadu watu waliingia barabarani mwaka 1965 kupinga kulazimishwa Kihindi, na hawajasahau. Kiingereza chepesi na tabasamu vitawafaa zaidi.

"Mvua za India huisha Septemba, tutakuja Novemba." Watu wa pwani mngetakiwa kulijua hili kuliko wote, maana ni pepo zilezile zilizoendesha majahazi ya babu zetu. Kusi inayovuka bahari ndiyo huifikishia Kerala mvua, kwa kawaida kuanzia tarehe 1 Juni hivi. Upepo ukigeuka na kuanza kuvuma kutoka kaskazini mashariki, zamu inakuwa ya Tamil Nadu, Oktoba hadi Desemba. Desemba 2015 Chennai ilizama hadi uwanja wa ndege ukafungwa. Miezi mizuri ni Januari na Februari, na mkiwahi katikati ya Januari mtakula sikukuu ya mavuno ya Pongal. Na wale wa kufundisha: msije Mei. Shule zimefungwa, jua linachoma, mtafundisha madawati.

"Sisi tumezoea, tumbo la Mwafrika ni chuma." Tumbo lako limezoea vijidudu vya kwenu. Kunyweni maji ya chupa au yaliyochemshwa, na barafu ya barabarani muiache. Jigarthanda, kinywaji baridi cha maziwa cha Madurai, ni tamu, najua, kunyweni penye wateja wengi. Kinachonitisha mimi kuliko kuhara ni mbwa wa mitaani, maana kichaa cha mbwa bado kinaua watu wengi India. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu sindano siku ileile, si "tutaona kesho". Wanaotoka Kenya na Uganda wachanjwe homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kuingia. Bila kadi mnaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, likizo inaishia hapo.

"Treni tutapanda tukifika." Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, na za Chennai kuja Madurai usiku huisha mapema. Tiketi ya orodha ya kusubiri si kitanda, msipande nayo behewa la kulala mkitegemea huruma. Chukueni vitanda vya juu kabisa: hakuna atakayewaamsha ili akae, na begi linafungwa kwa mnyororo chini ya kitanda cha chini. Mnyororo mnauziwa stesheni.

"Tuko wawili, tutasaidiana." Mtasaidiana njiani. Kazini mtazungumza Kiswahili ninyi kwa ninyi kutwa nzima, mtakula pamoja mezani peke yenu, na mwezi utaisha hamjui jina la mpishi. Kwa hiyo mimi huwatenganisha: mmoja zahanati, mwingine ofisi ya kijiji cha pili, mnakutana Jumapili mjini. Kila mmoja abebe nakala za pasipoti na viza zake mwenyewe na awe na fedha zake, kwa sababu siku mmoja akishikwa na dengi mwenzake atakuwa umbali wa saa moja kwa basi. Wapo wanaogoma kutenganishwa. Hao nawashauri waendelee na utalii wao, hekalu la Meenakshi liko wazi, na nafasi nampa mwingine.